Kufuatilia mababu wa Kanada ya Kifaransa: shika ndoa, jina la ukoo litakuzungusha

Wengi wanaotafuta mababu zao wa Kanada ya Kifaransa wanaanza na jina la ukoo. Mtu anaandika Lavigne kwenye boksi la kutafutia, anapata akina Lavigne kibao wa karne ya 19, wachache wa karne ya 18, alafu akisogea nyuma kidogo ghafla hamna kitu, anajua ukoo umekatikia hapo. Haujakatika. Yule babu yupo palepale, parokia ileile, mke yuleyule, watoto walewale, ila padri wa wakati huo kamwandika Rivard, aliyefuata akamwandika Rivard dit Lavigne, yaani Rivard aitwaye Lavigne, na wa tatu akaona Lavigne inatosha. Kwa hiyo kabla hujafungua hata daftari moja kubali kwanza hili, kwenye koloni la Wafaransa kule Amerika jina la ukoo lilikuwa linahamahama, kilichotulia ni ndoa. Ukifuata jina utazunguka palepale, ukifuata ndoa, mume fulani na mke fulani, utapanda kizazi baada ya kizazi hadi umkute yule aliyeshuka kwenye meli.

Na inawezekana kabisa kumfikia, hilo ndo linanifurahisha na utafiti huu. Wakulima, maseremala, wajane, watu ambao hata kusaini walikuwa hawajui, wameandikwa kwa jina, kwa wazazi na kwa tarehe toka miaka ya 1600. Ni sehemu chache sana duniani mtu wa kawaida kaachiwa kumbukumbu ya namna hii.

Kwa nini iliwezekana

Mfaransa Champlain alianzisha Québec mwaka 1608, Trois-Rivières ikaja 1634, Montréal 1642. Koloni likabaki la Ufaransa mpaka Waingereza walipoichukua Québec 1759 na Montréal 1760, na mkataba wa Paris wa 1763 ukafunga hesabu. Watu walikuwa wachache mno, sensa ya 1666 aliyoisimamia intendanti (msimamizi mkuu wa utawala wa koloni) Jean Talon ilihesabu walowezi 3,215 tu. Karibu wote Wakatoliki, na padri ndo alikuwa mwandishi wa serikali pia, ubatizo, ndoa na mazishi vyote vilipita kwake. Kuanzia 1679 maparoko walitakiwa waandike nakala mbili, moja ibaki kanisani na nyingine iende serikalini, ndo maana kanisa likiungua au panya wakila daftari mara nyingi ile nakala ya pili bado ipo. Kabla ya hapo hali ilikuwa tete, kanisa la Québec liliungua 1640 na rejista zake za mwanzo, zilizoanza 1621, zikaungua nalo, ikabidi waziandike upya kwa kukumbuka tu. Kwa hiyo ukikuta tukio la kabla ya 1640 lina tarehe ambayo haikai sawa na mengine, usishangae.

Jinsi ya kupanda

Anza na ndoa unayoijua kwa uhakika, iwe ya babu na bibi yako au ya wazazi wao, ukiwa na mwaka hata wa kukisia na jina la parokia. Alafu fungua rekodi yenyewe, picha ya ukurasa, usiishie kwenye indeksi iliyochapwa na mtu mwingine. Ndani padri kaandika jina la bwana harusi, kisha fils de, yaani mwana wa fulani na fulani, parokia wanayotoka, alafu bibi harusi hivohivo, fille de fulani na fulani. Karatasi moja inakupa watu sita. Na kina mama wote watatu wapo kwa majina yao ya kuzaliwa, manake sheria na mila ya Wafaransa wale haikumbadilishia mwanamke jina lake, aliyezaliwa Cloutier atabatizia watoto akiwa Cloutier na atazikwa Cloutier hata kama kaolewa mara tatu. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye rekodi za Waingereza wa wakati huohuo mama anabaki jina la kwanza basi, hapa una ukoo wake kamili, unaweza kupanda upande wa wanawake kwa urahisi uleule wa wanaume.

Ukishapata wazazi wa bwana harusi, rudi nyuma miaka kama 20 hadi 35 utafute ndoa yao wawili, kwa majina yote mawili kwa pamoja. Usitafute Joseph Gagnon peke yake, wapo wengi mno, tafuta Joseph Gagnon aliyemuoa Marguerite fulani, hapo wanabaki mmoja au wawili. Fanya hivo tena na tena. Ubatizo na mazishi vinasaidia kujaza na kuhakikisha, ila ngazi ya kupandia ni ndoa.

Kuna sehemu moja watu wanakwama sana, ndoa ya pili. Mjane akiolewa tena mara nyingi padri hakuandika wazazi wake, aliandika veuve de, mjane wa marehemu fulani, na mwanaume hivohivo, veuf de. Ukiona hivo ujue hujafika mwisho, kakupa jina la mwenzi wa kwanza ili uitafute ndoa ya kwanza, na wazazi utawakuta huko. Na kule watu walioa tena haraka, mwanamke ana shamba na watoto watano na baridi inakuja, kwa hiyo mtu mwenye ndoa mbili au tatu ni kawaida tu, na watoto wa ndoa zote wanaishi nyumba moja na kwenye sensa wanaweza kuonekana kama ni wa baba mmoja.

Kifaransa cha rejista hakihitaji uwe msomi, maneno ni yaleyale yanajirudia, ukishika kama 30 unasoma ukurasa mzima. Feu kabla ya jina la mwanaume, na feue kwa mwanamke, maana yake marehemu, na hilo peke yake linakubania tarehe ya kifo, mzazi aliyeandikwa feu kwenye ndoa ya 1712 inabidi mazishi yake yawe kabla ya siku hiyo. Majeur na mineur ni kuhusu umri, na wakati wa Wafaransa utu uzima wa kisheria ulikuwa miaka 25, si 18 wala 21, kwa hiyo bibi harusi aliyeandikwa mineure anaweza kuwa na miaka 24. Kwenye ubatizo utakuta né d'hier, kazaliwa jana, au né de ce jour, kazaliwa leo, manake walibatiza chapchap, na ukiona ondoyé ujue mtoto alipewa ubatizo wa dharura nyumbani, mara nyingi na mkunga, kabla padri hajafika. Sépulture ni siku ya mazishi, kifo kawaida ni siku moja au mbili nyuma, na umri unaotajwa kwa mzee aliyekufa usiuamini sana, walikisia.

Alafu miezi. Mapadri na manotari, waandishi wa hati za kisheria, waliandika 7bre, 8bre, 9bre na Xbre, na mtu wa leo anaona 7 anaandika Julai. Siyo. Ile namba inasomwa kwa sauti, sept, kwa hiyo 7bre ni Septemba, 8bre Oktoba, 9bre Novemba, Xbre Desemba. Kuna miti ya ukoo mingi mtandaoni yenye watoto waliobatizwa kabla ya kuzaliwa kwa sababu hii tu. Na ukiwa unakisia tarehe ya ndoa kumbuka hawakufungisha ndoa Majilio wala Kwaresima isipokuwa kwa kibali, kwa hiyo angalia Novemba, Januari na Februari kwanza, wakati mavuno yameisha.

Kitu kingine cha kusoma kwa makini ni kibali cha undugu. Kanisa lilikataza ndugu kuoana hadi daraja la nne, na kwenye koloni dogo vile ilifika mahali watu wa parokia moja wote ni ndugu, basi askofu anatoa ruhusa na padri anaiandika, mfano dispense du troisième au quatrième degré. Hapo unahesabu vizazi toka kwa maharusi kwenda juu mpaka kwa wazee waliowaunganisha, daraja la pili ni babu na bibi, la tatu ni wazazi wa babu, la nne ni babu wa babu. Yaani padri kakufanyia kazi nusu, kakwambia kwamba koo hizi mbili zinakutana na kakwambia umbali gani. Kama mti wako hauonyeshi hayo makutano, kuna tawi umekosea.

Majina yenye dit

Sasa hapa ndo penye utamu, na ndo panapochanganya zaidi. Dit hapo katikati ya majina ni kama kusema "aitwaye", kwa mwanamke dite. Mtu ana jina la ukoo alilokuja nalo toka Ufaransa na ana jina la pili linalotambulika kijijini, yote halali, yote yanaandikwa kwa padri na kwa notari, na anaweza kutumia moja leo na lingine kesho.

Mengi yalitoka jeshini. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika 1665 kikiwa na askari kama 1,200 kupigana na Wairokwoi, watu wa asili wa Amerika, na kama 400 kati yao wakabaki wakapewa ardhi. Baadaye wakaja askari wa majini wa koloni kuanzia miaka ya 1680, alafu vikosi vya vita ya miaka ya 1750. Askari wa Ufaransa alikuwa na jina la vita, Lafleur, Latulipe, Larose, Laviolette, au la tabia kama Jolicoeur, Sanssouci, Vadeboncoeur, Ladouceur, na akiacha jeshi jina linabaki naye na watoto wanalirithi. Sasa fikiria kila kikosi kilikuwa na Lafleur wake. Wewe ukiwa ni Lafleur, usidhani Lafleur wengine wote ni ndugu zako, koo nyingi tofauti kabisa zina dit Lafleur, inabidi ujue jina lililo mbele yake.

Mengine ni ya asili ya mtu, Langevin katoka Anjou, Picard katoka Picardy, Poitevin katoka Poitou. Pierre Miville aliandikwa le Suisse kwa sababu alitoka Uswisi, na Abraham Martin, ambaye jina lake la kwanza ndo limebaki kwenye uwanda wa vita ya 1759, Uwanda wa Abraham, aliandikwa l'Écossais, Mskoti. Mengine ni ya ardhi, Beaulieu, Lapointe, Deschênes. Na mengine yalizaliwa kwa haja tu, ndugu watatu wana watoto kumi kumi, wajukuu wanne wanaitwa Jean-Baptiste Rivard kwenye parokia moja, lazima utofautishe. Wale ndugu wawili wa Rivard waliotoka Tourouvre kule Ufaransa wakakaa Batiscan, Nicolas alikuwa dit Lavigne na Robert dit Loranger, na vizazi vyao vikazaa majina mengine mapya juu ya hayo, Lanouette, Lacoursière, Dufresne, Bellefeuille. Wote hao damu moja na hakuna jina linalofanana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Alphonse Desjardins, aliyeanzisha vyama vya akiba na mikopo vya Québec kule Lévis mwaka 1900. Baba yake ni François Roy dit Desjardins, mama yake ni Clarisse Miville dit Deschênes. Ukifuata Desjardins utakwama, inabidi ufuate Roy mpaka ufike kwa Antoine Roy dit Desjardins, mtengeneza mapipa, mmoja wa wale wa Carignan. Na upande wa mama unafika kwa yule Mswisi.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukikwama kwenye jina, usibadilishe parokia, badilisha jina. Kaa kwenye parokia ileile, shika jina la kwanza la mume na jina kamili la mke, alafu soma batizo za watoto wao wote kwa mfuatano, si wa kwako tu. Mara nyingi mtoto wa kwanza kaandikwa jina A, wa tatu kaandikwa A dit B, wa saba B peke yake, na hiyo rekodi ya katikati ndo ushahidi wako, itunze picha yake. Zipo orodha za majina ya dit zinazokuonyesha jina gani linaenda na jina gani, padri Tanguay aliweka moja kwenye juzuu ya 7 ya kamusi yake ya koo, zitumie kupata wazo ila usizichukulie kama ushahidi. Kwa sababu orodha inakwambia Roy anaweza kuwa Desjardins, haikwambii Roy wako ni yupi. Na kwenye mti wako andika jina kama lilivyo kwenye kila rekodi, ukiweka lote Roy dit Desjardins kama jina kuu na mengine kama majina mbadala, yule atakayekuja baada yako hatapotea. Desturi hii ilififia karne ya 19, kila tawi likachagua upande mmoja, wengine la mbele wengine la nyuma, ndo maana ndugu wa baba mmoja wamekuja kuacha vizazi vyenye majina tofauti mpaka leo.

Tahajia nayo isikusumbue. Hakukuwa na tahajia rasmi, padri aliandika alivyosikia, Gauthier, Gaultier, Gautier ni kitu kilekile, na miisho ya eau, ault, aud na ot inasikika sawa hivyo inabadilishana ovyo. Siyo kila jina lina dit pia, na siyo kila jina linachanganya, akina Tremblay wote wa Amerika Kaskazini wanatoka kwa mtu mmoja, Pierre Tremblay aliyemuoa Ozanne Achon pale Québec mwaka 1657. Bahati yao.

Majina ya ubatizo

Hapa kuna mtego wa Marie na Joseph. Hasa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya 20, karibu kila msichana alibatizwa Marie na kila mvulana Joseph, alafu likafuata jina la msimamizi wa ubatizo, alafu mwishoni ndo jina alilokuwa anaitwa nyumbani. Joseph Édouard Napoléon maisha yake yote ni Napoléon. Kwa hiyo ukikuta familia ina Joseph sita wote hai, hawajachanganyikiwa, soma jina la mwisho kwenye mstari. Mpangilio nao una maana, Joseph-Marie ni mwanaume, Marie-Joseph ni mwanamke, baadaye likawa Marie-Josephte. Zamani zaidi, karne ya 17, mambo yalikuwa mepesi, jina moja au mawili tu, na Isabelle na Élisabeth yalihesabika jina moja, mwanamke yuleyule anaandikwa hivi na vile.

Wasimamizi wa ubatizo, parrain na marraine, usiwaruke kamwe. Mtoto mara nyingi alipewa jina la msimamizi wa jinsia yake, na wasimamizi walitoka kwenye familia, kwa watoto wa kwanza mara nyingi ni mababu na mabibi, kisha wajomba, shangazi, kaka na dada wakubwa. Ukiwa huna rekodi ya ndoa ya wazazi, orodhesha wasimamizi wa watoto wote wa familia ile, majina ya koo mbili yataanza kujirudia na hizo ndo koo za baba na mama. Nimeona koo zilizokwama miaka mingi zikifunguka kwa njia hii tu.

Na ujue mtoto akifariki jina lake lilirudishwa kwa mdogo wake. Ukikuta Marie-Anne kabatizwa 1704 na Marie-Anne mwingine 1707 kwa wazazi walewale, nenda kwenye mazishi ya katikati hapo kwanza kabla ya kuamua nani aliolewa 1726. Hili watu wanaliruka kila siku, wanamuozesha mtoto aliyezikwa. Ila lisiwe kanuni ya chuma, wapo ndugu wawili hai waliokuwa na jina moja, hasa Jean-Baptiste.

Notari anajua ambayo padri hakuandika

Wengi wanaishia kwenye rejista za kanisa, na wanakosa nusu ya hadithi. Koloni liliendeshwa kwa sheria ya Coutume de Paris, mali ya mume na mke ni ya pamoja, na watu wengi, hata maskini, walienda kwa notari kuandika mkataba wa ndoa kabla ya kanisani. Mkataba unataja wazazi, parokia waliyotoka Ufaransa, mali anayotengewa mke akija kubaki mjane, iitwayo douaire, na mashahidi kwa uhusiano wao, huyu mjomba, huyu shemeji. Ule wa zamani zaidi uliobaki Kanada ni wa 1636, wa Robert Drouin na Anne Cloutier, aliyekuwa bado mtoto wa miaka kama 10, harusi ikafungwa mwaka uliofuata. Baba yake Zacharie Cloutier hakujua kuandika, alama yake ya sahihi ilikuwa shoka, manake alikuwa seremala.

Tahadhari moja, mkataba siyo ndoa. Wale mabinti wa mfalme, filles du roi, wanawake karibu 800 walioletwa kwa gharama ya mfalme Louis XIV kati ya 1663 na 1673, baadhi yao walisaini mkataba na mwanaume mmoja, wakauvunja, wakaolewa na mwingine. Tafuta rekodi ya kanisa au batizo za watoto kabla hujaunganisha.

Zaidi ya mkataba kuna inventaire après décès, orodha ya kila kitu kilichokuwemo ndani mtu alipofariki, ng'ombe, sufuria, shuka, madeni, na inataja watoto hai kwa majina na umri. Kuna tutelle, pale watoto wanapobaki yatima na ndugu wanakusanywa kuchagua mlezi, hapo unapata upande wa baba na upande wa mama wote mezani. Kuna na donation, wazee wanampa kijana mmoja shamba naye anaahidi kuwalisha na kuwatunza, imeandikwa magunia mangapi ya ngano na kuni kiasi gani. Hizi zinakupa mtu mzima mwenye maisha, mbali na tarehe tatu.

Wapi pa kutafuta

Bure kabisa, tovuti ya FamilySearch wana picha za rejista za Kikatoliki za Québec toka 1621, unafungua akaunti tu. BAnQ, maktaba na hifadhi ya taifa ya Québec, wameweka mtandaoni rejista na nyaraka nyingi za manotari, bure pia. Kwa kulipia kuna mkusanyiko wa Drouin wa picha za rejista, uliopigwa filamu miaka ya 1940, na kuna PRDH, hifadhidata ya Université de Montréal, iliyoanza 1966, ambayo imeunganisha familia zote za Kikatoliki kuanzia 1621 hadi 1849, na kama una hela ya kitu kimoja tu mimi ningelipia hiyo. Tanguay, padri aliyetoa kamusi ya koo juzuu 7 kati ya 1871 na 1890, anapatikana bure na ni kazi ya kuheshimu, ila ana makosa, kwa familia za kabla ya 1730 kamusi ya René Jetté ya 1983 ni salama zaidi. Miti ya watu mtandaoni itumie kama fununu.

Ukianzia Marekani kuna kazi ya ziada ya kulirudisha jina. Watu kama 900,000 walihama toka Québec kwenda Marekani kati ya 1840 na 1930, wengi kwenye viwanda vya nguo vya Lowell, Manchester, Woonsocket, Fall River, na majina yakageuzwa, Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King, Leblanc akawa White, Lajeunesse akawa Young, Benoit akawa Benway kwa kusikika tu. Usihangaike na sensa ya Marekani, tafuta parokia ya Wafaransa ya mji huo, padri wake kwa kawaida aliandika jina la Kifaransa na mara nyingi na parokia ya nyumbani.

Wale waliopewa majina na wengine

Koloni lilikuwa na watumwa, na ukiingia kwenye rejista utawakuta, na wanastahili kutafutwa kwa bidii ileile. Intendanti Raudot aliuhalalisha utumwa kwa amri ya 1709, na mwanahistoria Marcel Trudel alikusanya majina ya watumwa zaidi ya 4,000, karibu theluthi mbili wakiwa watu wa asili ya Amerika, walioandikwa panis kwa mwanaume na panise kwa mwanamke, wengine Waafrika. Kawaida hawana jina la ukoo. Wana jina la ubatizo, na jina la mwenye nyumba, na wakati mwingine mwenye nyumba au mtoto wake ndo msimamizi wa ubatizo. Kwa hiyo hapa ile njia ya ndoa inabidi uiache, unamfuata mmiliki, soma wosia wake, orodha za mali zake baada ya kifo na mauzo kwa notari, mtu wako atatajwa humo.

Wa kwanza anayejulikana ni mtoto aliyeletwa Québec na akauzwa 1629, inaaminika alitoka Madagaska. Alibatizwa 1633 akaitwa Olivier Le Jeune, Olivier kwa karani Olivier Letardif, Le Jeune kwa padri Mjesuiti Paul Le Jeune aliyemfundisha. Jina lake alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Jina la Letardif lipo pia kwa Marie Olivier Sylvestre, binti wa Roch Manitouabeouich, aliyelelewa na Letardif na kuolewa na Martin Prévost mwaka 1644, ndoa ya kwanza iliyoandikwa kati ya mlowezi Mfaransa na mwanamke wa asili, na vizazi vyao vipo wengi mno leo. Kwa hiyo ukiona kwenye mti wako jina la ukoo linaloonekana la Kifaransa kabisa, angalia kwanza nani alilitoa.

Kuvuka bahari

Ukishamfikia wa kwanza, usikimbilie hifadhi za Ufaransa ukiwa na jina tu. Kusanya kwanza ndoa yake, mkataba wake, na sensa za 1666, 1667 na 1681, ili uwe na parokia na majina ya wazazi. Kisha angalia Fichier Origine, hifadhidata ya bure ya shirikisho la vyama vya nasaba vya Québec, inawezekana mtu kashaipata rekodi ya Ufaransa na kuiweka picha. Kama hayumo, nenda kwenye hifadhi ya mkoa husika, nyingi zipo mtandaoni bure, Orne kwa waliotoka Perche, Charente-Maritime kwa wa La Rochelle, Aunis na Saintonge. Kumbuka kwamba mtu kusema katoka La Rochelle wakati mwingine ni bandari aliyopandia meli, kijiji chake kipo ndani zaidi, hapo tazama wenzake aliokuja nao na mashahidi wa mkataba wake, wa kijiji kimoja walizoea kushikana. Na ukifika kule jina la dit liache kando, kwa askari lilizaliwa jeshini na kwa wengine kule kwenye koloni, mzazi wake wa Ufaransa hakuwahi kuitwa hivo.